Hodi ya Shambani: Kuomba Ruhusa ya Kutumia Kigunduzi cha Metali England kwa Kuanzia na Historia ya Ardhi

Kila kipande cha ardhi cha England na Wales kina mwenyewe, hata kile kinachoonekana kimeachwa kwa magugu na sungura. Njia ya miguu ya umma ipitayo katikati ya shamba la ngano humpa mpita njia haki ya kupita tu, wala haimruhusu kuwasha kigunduzi na kuchimba. Anayechimba bila ruhusa ni mvamizi, na akiondoka na alichokiokota anaweza kushtakiwa kwa wizi, kwa kuwa kitu kilichofukiwa ardhini, kama hakihesabiwi kuwa hazina kwa mujibu wa sheria, kwa kawaida ni mali ya mwenye ardhi. Ndiyo maana ruhusa ndiyo kazi ya kwanza katika shughuli hii, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Kununua kifaa huchukua dakika kumi.

Mkulima wa Kiingereza ana sababu nzuri ya kukataa. Wapo wezi wanaoingia mashambani usiku na vigunduzi, wakaacha mashimo wazi ambamo ng'ombe huweza kuvunja mguu, na mgeni anayebisha hodi mchana hana alama usoni ya kumtofautisha nao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapo ndipo utafiti wa historia unapoingia: badala ya kwenda mikono mitupu kuomba, unakwenda na habari za ardhi yake ambazo huenda hata yeye hajawahi kuziona. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitafuta habari hizo, namna ya kumfikia mwenye ardhi, na namna ya kuandikiana naye.

Unahusu England na Wales peke yake. Scotland ina utaratibu wake, ambapo vitu vya kale vinavyookotwa huripotiwa kwa dola, na Ireland ya Kaskazini hairuhusu mtu kuchimba akitafuta vitu vya kale bila leseni. Msomaji anayefikiria kusafiri na kifaa chake hadi Kilwa au Gede aelewe kwamba Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na zote mbili zinadai leseni kabla ya kuchimba vitu vya kale. Ruhusa ya mwenye shamba pekee haitoshi huko.

Hatua ya kwanza: chagua parokia moja

Usianze na kaunti nzima. Chagua parokia moja, yaani eneo dogo la kijiji na kanisa lake, iliyo karibu na unapoishi, ambayo unaweza kuifikia kwa nusu saa, kwa sababu utarudi mara nyingi na kwa sababu jirani huaminiwa upesi kuliko mtu aliyetoka mbali. Nyaraka nyingi za zamani za England zilipangwa kwa parokia, kwa hiyo ukishajua jina la parokia umeshapata ufunguo wa kabati lote. Angalia pia mipaka ya zamani, kwa kuwa parokia nyingi ziliunganishwa au kugawanywa baadaye.

Hatua ya pili: soma ramani za zaka na ramani za vipimo

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa pasikuharakishe mtu.

Kwa karne nyingi wakulima wa England walilipa kanisa zaka, yaani sehemu ya kumi ya nafaka, nyasi kavu, wanakondoo na hata maziwa. Sheria ya mwaka 1836 iliigeuza zaka hiyo kuwa malipo ya fedha, na ili kukadiria nani alipe kiasi gani, wapimaji walitumwa parokia kwa parokia wakachora kila konde na kulipa namba. Ramani nyingi zilikamilika kabla ya mwaka 1850, nazo zinaenea takriban robo tatu ya England na Wales. Kila ramani ina daftari lake, na daftari hilo ndilo lenye thamani kubwa zaidi kwetu: linataja mwenye ardhi, mkulima aliyekuwa akiitumia, namba ya konde, jina la konde, kama lililimwa au lilikuwa malisho, na ukubwa wake. Zilitengenezwa nakala tatu, moja ya serikali, moja ya askofu na moja ya parokia. Ya serikali iko Kew, London, katika hifadhi ya taifa ya nyaraka, na hizo nyingine mara nyingi zimehifadhiwa katika ofisi ya nyaraka ya kaunti, ambako unaweza kuziona bila malipo ukibeba kitambulisho na penseli, maana kalamu ya wino haikubaliwi.

Jina la konde si pambo. Sisi wenyewe tunajua kwamba Forodhani ya Zanzibar inakumbuka forodha, na kwamba Mnazi Mmoja unakumbuka mti. Vivyo hivyo, konde linaloitwa Fair Field huenda lilikuwa uwanja wa gulio la kila mwaka, na watu wanapofanya biashara nyasini sarafu huanguka. Chapel Close hudokeza kanisa dogo lililobomolewa, na Blacklands huashiria udongo mweusi unaoweza kuwa umetokana na majivu na taka za makazi ya kale. Street, kwenye konde lisilo na barabara yoyote leo, huweza kukumbuka barabara ya Warumi, na majina yenye Chester au Caster yametokana na neno la Kilatini la ngome. Lakini jina moja si ushahidi. Money Field inaweza kuwa ilipata jina kwa sababu ya sarafu zilizookotwa, au kwa sababu ya mtu fulani aliyeitwa Money, na mtafiti mwangalifu husubiri dalili ya pili kabla ya kuandika lolote.

Utakutana na parokia zisizo na ramani ya zaka, hasa katika kaunti za kati kama Northamptonshire na Leicestershire, ambako zaka nyingi zilifutwa mapema zaidi wakati mashamba ya pamoja yalipogawanywa na kuzungushiwa ua. Huko tafuta ramani ya ugawaji wa mashamba, ambayo kwa kawaida ni ya karne ya 18 au mwanzo wa karne ya 19, ingawa haitaji majina ya makonde kwa wingi uleule.

Baada ya zaka, fungua ramani za karne ya 19 za Ordnance Survey, shirika la taifa la kuchora ramani, zile za inchi 6 kwa maili na za inchi 25 kwa maili. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka kwenye tovuti yake bila malipo, zikiwemo za England na Wales, na ina ukurasa unaoonyesha ramani ya zamani na picha ya satelaiti ya leo bega kwa bega, ili kidole chako kikiwa upande mmoja mshale ufuate upande wa pili. Tafuta njia za miguu zilizotoweka, vivuko vya mito, visima, mabwawa, ghala zilizobomolewa na mialo ya zamani. Mahali ambapo wachoraji walijua pana masalia ya kale waliandika kwa herufi za Kigothi, kwa hiyo jicho huziona upesi.

Kisha tazama vipimo vya leza vilivyopigwa kutoka angani, ambavyo wakala wa mazingira wa England ameviweka wazi kwa umma. Picha hizo huonyesha umbo la ardhi lililofichwa na nyasi: barabara zilizodidimia, misingi ya nyumba, na yale matuta marefu sambamba ya kilimo cha zama za kati. Katika vishamba hivyo vya zamani wakulima walimwaga samadi iliyochanganyika na taka za nyumbani, na pamoja na taka zikaenda sarafu, bizimu na vifungo. Ukiona matuta hayo yanaishia ghafla kwenye uwanja mdogo usiolimwa kamwe, huenda umeona mahali pa nyumba.

Nyaraka nyingine zitumie inapohitajika tu. Kitabu cha Domesday, daftari la mfalme la ardhi na mali la mwaka 1086, kitakuambia kama kijiji kilikuwapo, kilikuwa na majembe mangapi ya kukokotwa na vinu vingapi, jambo linalopendeza kwenye barua ingawa halikuelekezi kwenye konde. Ipo pia orodha ya masoko na magulio ya England na Wales hadi mwaka 1516, inayosomeka kwenye intaneti. Uchunguzi wa kitaifa wa mashamba uliofanywa kati ya mwaka 1941 na 1943, wakati wa vita, umehifadhiwa Kew na unataja mkulima wa kila shamba. Mara nyingi utamkuta humo babu wa huyo huyo unayetaka kumwandikia.

Hatua ya tatu: ondoa maeneo yaliyokatazwa

Ukishapata makonde matano au sita yanayokuvutia, yapitishe kwenye chujio la sheria kabla hujafurahi sana. Sheria ya mwaka 1979 kuhusu majengo na maeneo ya kale inakataza kutumia kigunduzi katika eneo la kale lililosajiliwa kulindwa bila kibali cha maandishi cha Historic England, chombo cha kulinda urithi wa kale, na Wales, ambayo sasa ina sheria yake, chombo kinachohusika ni Cadw. Hata mwenye ardhi hawezi kukuruhusu huko. Orodha rasmi ya maeneo hayo na ramani zake ziko wazi kwenye tovuti ya Historic England. Angalia pia maeneo yanayolindwa kwa ajili ya mimea, wanyama au miamba, ambako idhini ya Natural England inahitajika, na kumbuka kwamba mkulima aliyeingia mkataba wa serikali wa kutunza mazingira anaweza kubanwa na masharti ya mkataba huo. Swali hilo muulize yeye mwenyewe, kwa upole, kabla ya kutia saini chochote.

Ukweli mchungu ni kwamba kasri, abasia na kijiji kilichohamwa, yaani vile vitu vinavyong'aa kwanza kwenye ramani, mara nyingi ndivyo vilivyolindwa. Shabaha yako iwe konde linalolimwa kila mwaka kando ya njia iendayo huko. Jembe limeshauvuruga udongo wake, kwa hiyo kuchukua kitu kilicho juu hakuharibu mpangilio ambao mwanaakiolojia angeuhitaji.

Hatua ya nne: mtambue mwenye ardhi, na mtambue pia anayelima

Watu hawa wawili si lazima wawe mmoja. Mfano ulio maarufu ni wa Hoxne, Suffolk, mwezi Novemba 1992. Mkulima Peter Whatling alipoteza nyundo shambani, akamwomba rafiki yake Eric Lawes amtafutie kwa kigunduzi. Lawes alikutana na dhahabu na fedha za Kirumi, akaacha kuchimba, na habari zikapelekwa kwa polisi na kwa Halmashauri ya Kaunti ya Suffolk, kwa sababu halmashauri ndiyo iliyomiliki ardhi. Whatling alikuwa mpangaji. Wanaakiolojia wakaja wakaitoa hazina ikiwa bado katika mpangilio wake, zaidi ya sarafu 14,000 pamoja na vijiko na vito, na leo iko British Museum. Nyundo nayo ilipatikana, ikachukuliwa na makumbusho hayo hayo.

Kwa hiyo unahitaji idhini ya mwenye ardhi na ya mpangaji, kila mmoja kwa maandishi. Masjala ya ardhi, HM Land Registry, hutoa nakala ya hatimiliki kwa paundi 7 kwa kila kipande, bei iliyoanza Desemba 2024, na nakala hiyo hutaja jina na anwani ya mmiliki. Sehemu kubwa ya ardhi imesajiliwa, lakini shamba lililorithiwa baba kwa mwana bila kuuzwa wala kuwekwa rehani huenda halimo. Hapo rudi kwenye njia ya kibinadamu: karani wa halmashauri ya parokia, mwenye duka la kijiji, au baa ya jioni, ambako utaambiwa si jina tu bali pia ni nyumba ipi, na kama ana mbwa.

Hatua ya tano: andaa ukurasa mmoja wa historia

Usimpelekee mkulima faili. Chapisha karatasi moja yenye ramani ya zaka ya shamba lake upande mmoja na picha ya sasa upande wa pili, makonde yakiwa yamepigiwa mstari kwa rangi, na chini yake aya mbili fupi: nani alilima hapo wakati wa zaka, makonde yaliitwaje, na jambo moja linalostaajabisha. Taja tu ulichokithibitisha. Usiahidi dhahabu, mkulima anayeambiwa kuna dhahabu ataogopa wezi, na ana haki ya kuogopa.

Nimejifunza hili kwa aibu. Mara ya kwanza nilibisha mlango wa shamba fulani katikati ya mwezi Agosti, kigunduzi kikiwa begani, mashine ya kuvunia ikinguruma nyuma ya ghala. Nilijibiwa kwa maneno matatu, la mwisho likiwa kwaheri. Mwezi Januari nilirudi mahali pengine, bila kifaa, na karatasi moja ndani ya bahasha. Mzee aliyefungua mlango alivaa miwani yake, akapita kidole chake kinene juu ya majina hadi kwenye Dovehouse Close, akacheka. Babu yake aliliita konde hilo Duffus, akaniambia, na maisha yake yote alidhani ni jina la mtu. Nilimweleza kwamba katika zama za kati nyumba ya njiwa kwa kawaida ilikuwa ya bwana wa kijiji, kwa hiyo huenda nyumba ya bwana huyo haikuwa mbali. Alimwita mkewe aje aone. Habari za kigunduzi alizianzisha yeye.

Hatua ya sita: andika barua, kisha nenda

Barua iende kwanza, kwa posta, na utaje siku utakayopita ili asishtukizwe. Wakati unaofaa ni majira ya baridi, au mwezi Juni kabla ya mavuno. Epuka Agosti ya mavuno, Septemba na Oktoba za kupanda ngano, na majira ya kuzaa kondoo ambayo kwa wengi ni Machi na Aprili. Shamba lenye uwindaji wa pheasant, yaani wale ndege wa mkia mrefu, halitaki mgeni kati ya tarehe 1 Oktoba na tarehe 1 Februari. Barua utaiandika kwa Kiingereza, lakini mtiririko wake uwe huu:

“Bwana na Bibi fulani, ninaishi katika kijiji cha jirani na nimekuwa nikisoma ramani ya zaka ya parokia yenu. Naambatanisha nakala inayoonyesha makonde ya shamba lenu na majina yake ya wakati ule, nanyi mbaki nayo hata kama jibu la ombi langu litakuwa hapana. Ninaomba ruhusa ya kutafuta kwa kigunduzi katika makonde mawili yanayolimwa, baada ya mavuno na kabla ya kupanda. Nina bima. Nitafukia kila shimo, nitawaonyesha kila nitakachokiokota, na tutakubaliana mapema namna ya kugawana. Nitapita Jumamosi saa nne asubuhi; kama siku hiyo haifai, simu yangu iko hapa chini.”

Sentensi ya kubaki na nakala hata jibu likiwa hapana usiiache. Huondoa harufu ya hongo kwenye zawadi. Kuhusu bima, uanachama wa National Council for Metal Detecting huja na bima ya madhara kwa watu wengine ya hadi paundi milioni 10, na kadi yake ni jambo la kwanza ambalo mwenye shamba makini huuliza. Siku ya kwenda, nenda peke yako, vaa viatu safi, acha kifaa nyumbani, na jiandae kusikiliza kuliko kusema. Akikataa, shukuru uondoke, usimbishie.

Hatua ya saba: makubaliano ya maandishi

Ruhusa ya mdomo ni halali lakini husahaulika, hasa mwenye shamba akifariki au kitu cha thamani kikipatikana. Ukurasa mmoja unatosha, ukitaja majina ya pande zote, makonde husika kwa ramani, muda wa ruhusa, siku ambazo haifai kuingia, mahali pa kuegesha gari, na mgawanyo, ambao kwa desturi ni nusu kwa nusu. Ongeza kina cha kuchimba, kwamba hutapita chini ya udongo unaofikiwa na jembe, na kwamba hutaleta mtu mwingine bila idhini. Ikiwa kuna mpangaji, naye atie saini.

Kipengele kuhusu hazina kiandikwe waziwazi. Kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, hazina ni pamoja na kitu kisicho sarafu chenye umri wa zaidi ya miaka 300 ambacho angalau asilimia 10 ya uzito wake ni dhahabu au fedha, na sarafu mbili au zaidi za madini hayo zilizopatikana pamoja zikiwa na umri huo. Kuanzia Julai 2023 vimeongezwa vitu vyenye metali vya angalau miaka 200 ambavyo vina umuhimu wa pekee kihistoria. Hazina huripotiwa ndani ya siku 14 kwa afisa wa mahakama anayechunguza vifo, ambaye kwa sheria ya Kiingereza ndiye pia anayeamua mambo ya hazina. Kwa vitendo, utampigia afisa wa kaunti wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa, na yeye atakuongoza. Makumbusho yakiinunua, zawadi kwa kawaida hugawanywa kati ya aliyeokota na mwenye ardhi. Waliojaribu njia ya mkato wapo: wanaume wawili walioficha hazina ya zama za Waviking waliyoichimba karibu na Leominster mwaka 2015 walihukumiwa vifungo virefu mwaka 2019.

Hatua ya nane: tunza ruhusa uliyoipata

Kila unapotaka kuingia, tuma ujumbe siku moja kabla. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Risasi, misumari na vipande vya bati beba uondoke navyo, kwani mwenye mifugo huvithamini kuondolewa kuliko wewe unavyothamini sarafu. Andika mahali pa kila kitu kwa namba za gridi, na vile vya kale vipeleke kwa afisa wa kaunti ili visajiliwe, hata kama si hazina.

Mwisho wa msimu mpelekee mwenye shamba karatasi ya pili: ramani ileile ya zaka, sasa ikiwa na nukta za ulichokiokota, pamoja na nakala ya rekodi rasmi ya kila kitu. Mzee wa Duffus aliitundika ya kwanza jikoni kando ya kalenda. Mwaka uliofuata jirani yake aliiona alipokuja kuazima trela, akauliza kama konde lake nalo lina jina.